Mashine ya Nyiramatwi

Vestine hakufungua mlango kabla ya kusikiliza. Kila asubuhi alisimama nyuma ya bati, mkono kwenye komeo, akaipima barabara kwa masikio: wauza maziwa wamepita au bado, watoto wa bombani wanagombana kama kawaida au wamenyamaza, mbwa wa jirani yake Kabatesi ametulia au ana neno. Sauti zote zikiwa mahali pake, alifungua. Ikikosekana moja, aliketi chini na kungoja.

"Vestine anasikia mpaka nyasi zikiota," majirani walimcheka.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa binti wa ufukweni, mama yake mtu wa Goma, baba yake mvuvi wa Gisenyi, na utotoni ndiye aliyekuwa akisikika kuliko wote. Shule aliiacha mara tu alipojua kusoma na kujumlisha, akaingia kwenye biashara ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa wanaouzwa kwa kikombe. Aliuza kwa kuimba bei na kuwatania wateja. Kisha ikaja miaka ile ambayo kila nyumba ya Gisenyi inaijua kwa namna yake. Alivuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akarudi na wa mgongoni peke yake. Yule wa mkononi alibaki ng'ambo, chini ya mawe meusi, kipindupindu kilipopita kwenye kambi ya wakimbizi. Tangu hapo Vestine akawa mtu wa kusikiliza.

Na mwaka huo wa tisini na nane kulikuwa na mengi ya kusikiliza. Vita vilikuwa vimepanda milimani. Watu wa Bugeshi waliteremka na magodoro vichwani, barabara ya Kanama ilifungwa na kufunguliwa, na jioni milio ilitoka juu kule ikashuka hadi ziwani. Mumewe, Phocas, alikuwa mvuvi. Mitumbwi ilitoka jua likizama na kurudi asubuhi, siku ambazo askari waliiruhusu. Kwa hiyo saa za milio Vestine alizikaa peke yake na Iriza, yule wa mgongoni, ambaye sasa alikuwa ameanza shule na amepoteza meno ya mbele.

Iriza hakulala. Alikaa kitandani macho wazi, na kila mlio ulipotoka alimshika mama yake nguo. Hapo ndipo Vestine alipomtunga Nyiramatwi.

Nyiramatwi alikuwa bibi mwenye masikio makubwa kama majani ya maboga. Kwa masikio hayo hakupata usingizi hata kidogo, basi akatengeneza mashine. Mdomo wake ulikuwa tarumbeta pana kuliko mlango wa kanisa, tumbo lake chungu cha pombe ya ndizi, na nyuma ulining'inia mkia wa ng'ombe wa Bugeshi. Ukivuta mkia, mashine inameza sauti. Mlio wa bunduki ukiingia mdomoni, upande wa pili zinatoka bisi za moto. Mzinga unatoa boga zima. Mbwa akibweka, karanga. Mama mkwe akigomba, pilipili.

Mlio ukisikika toka Kanama, Iriza alisema, "Bisi." Mwingine mzito ukitikisa bati, alisema, "Boga hilo, mama!" akacheka ndani ya blanketi, na baadaye kidogo akalala. Kila jioni alitaka zaidi. Ndipo wageni wakaanza kuja kuiona mashine: mfanyabiashara mnene wa Goma aliyetaka kuinunua, mzungu mwenye kamera, bibi harusi aliyetaka imeze sauti ya mawifi zake. Nyiramatwi aliwakaribisha kwa adabu, akawavutia mkia, na kila mmoja akaondoka amepata asichokitarajia. Au akalala huko huko, kwa sababu mama alichoka kabla hadithi haijaisha.

Mambo ambayo Iriza hakuruhusiwa kuyasema nje, Vestine alikuwa amemfundisha yote. Usiseme baba yuko wapi. Usiseme nani analala kwetu. Usiseme tunakula nini. Habari za Nyiramatwi hakumkataza. Nani huficha hadithi?

Siku moja bombani watoto walikuwa wakijisifu. Binti wa Kabatesi alisema kwao wamenunua godoro la sponji. Mwingine akasema mjomba wake ana pikipiki. Iriza akaweka kidumu chake chini.

"Kwetu iko mashine," alisema. "Inasikia bunduki zote za Bugeshi na za Kanama. Wageni wanatoka mbali kuja kuiangalia, wengine wanalala kwetu."

Kabatesi mwenyewe alikuwa pale akikinga maji. Aliondoka na ndoo ambayo haijajaa.

Kila nyumba kumi zilikuwa na mkubwa wao, na watu walimwita hivyo hivyo, nyumbakumi. Mgeni akilala kwako, ulikwenda kwake kabla ya giza kumtaja: jina lake, atokako, siku ya kuondoka. Hata mama yako mzazi akija na kuku mkononi, unamtaja. Kukaa kimya na mgeni, mwaka ule, halikuwa kosa la kuombewa radhi. Na nyumbakumi wa upande wa akina Vestine alikuwa Rutagengwa, mzee wa koti la mvua na mabuti ya mpira, ambaye alikosa usingizi kuliko yeyote.

Asubuhi iliyofuata wanawake walikuwa ufukweni na mabeseni, kama siku zote, mitumbwi inaingia na karabai zake zimezimwa. Vestine alikuwa ameshajaziwa beseni lake. Phocas aliruka majini na kamba, suruali imelowa hadi mapajani, magamba yamemganda mikononi. Alipoinua kichwa, Rutagengwa alikuwa amesimama mchangani na askari wawili.

"Huyu njo Phocas," Rutagengwa alisema, akimnyooshea kidole.

Sajini alikuwa kijana mrefu aliyekulia Tanzania; Kiswahili chake kilikuwa kama cha redio. "Habari za ziwani, mzee? Weka kamba chini. Tunakwenda wote."

"Kwenda wapi, afande?"

"Weka kamba chini."

Wavuvi wenzake wakaanza kukunja nyavu ambazo hazikuhitaji kukunjwa. Vestine alifuata nyuma na beseni kichwani, kwa sababu hakukumbuka kulitua.

Ofisi ya askari ilikuwa duka la zamani lenye rafu tupu. Phocas aliketishwa sakafuni. Ndipo sajini akamgeukia Vestine.

"Mama, nyumbani kwenu kuna mashine. Askari wangu wamepekua asubuhi hii, hawakuiona. Mmeipeleka wapi?"

"Mashine gani, afande?"

"Inayosikia milio ya Bugeshi na Kanama. Na wageni wanaokuja kuitazama wakalala bila kutajwa kwa mzee hapa. Niambie nao wako wapi."

Vestine alilishika beseni kwa mikono miwili.

"Afande, ile ni hadisi. Ni hadisi ya mutoto. Namuambiaka apate kulala."

"Kila mutu akishikwa, inakuwa hadisi," Rutagengwa alisema. Hakuwa akipiga kelele. "Vestine, mi pia niko na watoto. Ikisikika niliambiwa nikanyamaza, mi njo nitapakiwa kwa gari."

"We Rutagengwa umeniona na mugeni siku gani? Mugeni wa mwisho kwangu alikuwa mama mukwe, na we mwenyewe ulikula kuku yake!"

Askari mmoja alikohoa kuficha cheko. Sajini hakucheka. Aliangalia nje barabarani.

"Mchana inakuja pikapu kuwachukua watu kuwapeleka kambi ya jeshi. Nikipata ukweli kabla haijaondoka, tutazungumza hapa hapa. Nisipoupata, mume wako atazungumza huko. Kama ni hadithi ya mtoto, basi mlete mtoto. Aiseme yeye."

Watu waliopakiwa kwenye pikapu ile, wengine walirudi. Wengine wake zao walikuwa bado wanapeleka chakula kwenye lango ambalo halikuwapokea. Phocas aliyajua hayo kama Vestine alivyoyajua. Alisema neno moja tu, "Kimbia."

Aliliacha beseni mlangoni, akakimbia. Alipita nyumbani kwanza, bila kujua kwa nini. Labda miguu ilizoea njia. Godoro lilikuwa limepinduliwa, unga umemwagwa. Mukasine, dada yake Phocas, alikuwa anaokota vyombo huku akilia.

"Chukua hii," Mukasine alisema, akatoa redio ya Phocas chini ya viazi, redio iliyovunjika kifuniko, waya ziko nje. "Wao hawakuiona. Wapelekee. Sema njo mashine yenyewe. Wakipata kitu chenye waya, watatulia."

"Hii ni ya kusikia mupira."

"Nani anajua? Wanataka mashine, uwape mashine! Unangoja wamubebe ndugu yangu?"

Vestine aliichukua. Ilikuwa nyepesi, na kwa muda ule mfupi ilionekana kuwa jambo rahisi kabisa duniani: kuingia pale, kuiweka mezani, kuomba msamaha. Alifika nayo mlangoni. Hapo akasimama, kwa mazoea, kusikiliza, na katika kusikiliza akafikiri.

"Mukasine," alisema, "nikiwapa mashine, watataka na wageni. Wageni nitawatoa wapi?"

Akairudisha chini ya viazi.

Shuleni mwalimu Epiphanie alimtoa Iriza darasani bila maswali. Uso wa Vestine ulikuwa umeshasema. Njiani mama alichuchumaa mbele ya mtoto, akamshika mabega.

"Iriza, sikiliza. Iko afande atakuuliza juu ya Nyiramatwi. Mashine, wageni, yote. Mwambie yote, usifiche hata kidogo. Umesikia?"

Iriza alimtazama. Kisha akatabasamu, tabasamu dogo la mtu aliyekwisha kuuona mtego.

Vestine alilielewa tabasamu lile, na likamtisha kuliko bunduki. Maana lilikuwa kazi ya mikono yake. Tangu mvua zilizopita alikuwa na mtindo wa kumjaribu mtoto. Akiwa anachambua maharagwe, ghafla alibadilisha sauti, akawa mgeni mwenye utamu mdomoni: "Mutoto muzuri, baba yako iko wapi? Mi rafiki yake." Iriza akijibu, anafinywa sikio. Akisema "Mi sijue," anapata kipande cha muwa. Mtoto alipozoea, Vestine akaongeza ujanja: "Mama yako amenituma. Mama amesema unaweza kusema." Na Iriza, shavu limejaa muwa wa juzi, alijibu kwa fahari: "Mi sijue."

"Hii si kujaribu, Iriza. Hii ni kweli kabisa. Baba iko pale."

"Ndiyo, mama," Iriza alisema, na tabasamu lake halikuondoka.

Pikapu ilikuwa imeshafika. Ilisimama mbele ya ofisi, na nyuma yake walikuwa wameketi watu wachache, magoti kifuani. Dereva alikuwa anakunywa maji kwenye chupa. Ndani, sajini alikuwa amevuta kigoda. Alipomwona Iriza alikiacha, akachuchumaa ili wawe kimo kimoja, na sauti yake ikalainika. Vestine alifumba macho. Ilikuwa sauti ile ile ya kwenye maharagwe.

"Mtoto mzuri. Unaitwa nani?"

"Mi sijue."

"Hujui jina lako? Haya. Nimesikia kwenu kuna mashine."

"Mi sijue."

"Inatoa nini ile mashine?"

"Mi sijue."

"Mama yako amesema unaweza kuniambia."

Iriza alimtupia mama yake jicho la ushindi. "Mi sijue," alisema kwa sauti zaidi.

Rutagengwa alipiga mikono. "Umeona, afande? Mutoto huyu amefundishwa. Nani anafundisha mutoto hivi kama nyumba yake ni safi?"

Na ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa amefundishwa, na aliyemfundisha alikuwa amesimama pale pale.

Sajini alinyoosha kidole kuelekea sakafuni, alipokuwa Phocas. "Na huyu? Huyu ni nani?"

Phocas aliinua uso. Iriza akamtazama: suruali iliyolowa, magamba, mikono iliyofungwa kwa kamba ya mtumbwi wake mwenyewe. Vestine alimwona mtoto akipigana, akiukumbuka mtihani mgumu kuliko yote aliyowahi kupewa.

"Mi sijue," Iriza alisema, polepole sana.

Phocas alifunga macho. Nje dereva akapiga honi.

Sajini alisimama na kujipangusa magoti. "Basi," alisema. "Mpakieni."

"Afande!" Vestine alilikokota beseni lake toka mlangoni kwa kishindo, sambaza zikaruka sakafuni. "Ulitaka mashine. Naomba nikuonyeshe mashine."

Kila mtu akageuka. Rutagengwa akafungua mdomo. Askari aliyekuwa amemshika Phocas bega akabaki hivyo hivyo, ameinama.

Vestine alimwaga sambaza zote kwenye sakafu ya duka, akaliinua beseni tupu na kuliweka mdomoni kama tarumbeta. Hakumtazama sajini wala mumewe. Alimtazama Iriza tu.

"Karibuni, wageni," alisema, kwa ile sauti nzee, ya puani, ambayo hakuwahi kuitoa nje ya blanketi. "Mimi ni Nyiramatwi. Masikio yangu ni madogo kama majani ya mchicha."

Iriza akakunja uso.

"Hii njo mashine yangu. Nyuma hapa iko mukia ya mbuzi..."

Mguu wa Iriza ulisogea sakafuni, ukarudi.

"...mukia ya mbuzi wa Kanzenze. Nikivuta, mashine inameza sauti. Mbwa akibweka, inatoa mchele."

Iriza aliuma mdomo kwa ufizi wa pengo lake. Mama yeyote aliyewahi kusimulia anajua: mtoto atavumilia giza, atavumilia njaa hata, lakini hadithi yake ikisemwa vibaya hawezi. Vestine aliijua hali hiyo kama anavyojua samaki mbovu kwa harufu, na sasa alikuwa anaikanyaga hadithi kwa makusudi, neno baada ya neno, na mtoto alikuwa bado amefunga mdomo. Alimfundisha vizuri mno.

"Bunduki ikilia, inatoa ndizi mbivu. Bwana mukubwa wa Goma akaja na bibi yake..."

"Mama, inatosha," sajini alisema. Honi ikapigwa tena.

"...na jioni," Vestine aliendelea haraka, sauti inamkatika, "jioni mitumbwi ilitoka ziwani, wavuvi wanaimba. Na Nyiramatwi akavuta mukia. Mashine ikafungua mudomo, ikameza wimbo wa mitumbwi, wote, ukaisha..."

"Hapana!"

Wimbo ndio uliokuwa jino la mwisho la mtego wa Vestine. Iriza alikuwa amempokonya beseni.

"Hapana, mama! Wimbo haimezi! Wimbo ya mitumbwi haiwezi kumeza, Nyiramatwi anafunika mudomo yake na kitenge! Ikimeza wimbo, baba hatasikia wengine, atapotea kwa maji! We unasahau yote! Baba, mwambie, si inafunikwa na kitenge?"

Na alikuwa amemgeukia Phocas, amemshika shingo, analia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa.

Kwenye ziwa lile wavuvi huimba wakipiga kasia, na wake zao walio ufukweni huujua mtumbwi kwa sauti kabla hawajauona. Sharti hilo la kitenge hakuliweka Vestine. Iriza mwenyewe ndiye aliyelitia katika hadithi, jioni moja Phocas alipochelewa, na tangu siku hiyo lilikuwa haligusiki.

"Inafunikwa," Phocas alisema, sauti imekauka. "Na kitenge."

"Cha rangi gani?" sajini akauliza.

"Cha njano," Iriza alisema. "Na mukia si ya mbuzi. Ni ya ng'ombe wa Bugeshi. Na mbwa ni karanga, bunduki ni bisi, ile kubwa ni boga."

"Na wageni?"

"Ni Bwana Tumbo-Mbele wa Goma. Na muzungu. Na bibi harusi."

"Walilala wapi kwenu?"

Iriza alimtazama kana kwamba si mzima. "Hawakulala kwa nyumba. Walilala ndani ya mashine, kwa mudomo. Bwana Tumbo-Mbele hakuenea, tumbo ikabaki inje, ikanyeshewa."

Yule askari aliyekohoa alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sajini alimwangalia, naye akajikaza.

"Huyo Tumbo-Mbele yuko wapi sasa?"

"Amekwama. Mama hakumaliza. Alisinzia."

"Ulisinzia, mama?"

"Nilikuwa nimeamka mapema kungoja mtumbwi, afande," Vestine alisema, machozi yanamtiririka bila yeye kuyapangusa.

Rutagengwa alisogea. "Afande, tahadhari. Inaweza kuwa fumbo. Boga, bisi, nani anajua ni majina ya nini? Mi nasema tu ili isisemwe kwamba sikusema."

Sajini alitoka nje. Walimwona akiegemea mlango wa pikapu akizungumza na dereva. Dereva akatazama saa, akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kisha hakucheka tena. Vestine alijaribu kusikia. Masikio yote yale ya miaka yote yale, na hakuambulia hata neno moja. Alisikia damu yake tu.

Sajini alirudi na kusimama mlangoni.

"Mzee Rutagengwa. Mashine umeiona kwa macho yako?"

"Niliambiwa, afande."

"Na nani?"

"Kabatesi."

"Naye aliiona?"

Mzee alitazama mabuti yake. "Alisikia bombani."

"Kwa mtoto mwenye pengo," sajini alisema. Alivuta pumzi kama mtu aliyechoka tangu alfajiri, kama si tangu mwaka jana. "Mfungueni. Phocas, nenda nyumbani. Na wewe mama, nikisikia tena habari ya mashine mtaa huu, hata ya kusaga mahindi, nitarudi, na siku hiyo sitachuchumaa."

Phocas hakuweza kusimama mara ya kwanza. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Askari aliyecheka ndiye aliyemwinua. Vestine alizoa sambaza sakafuni pamoja na mchanga wake, kwa sababu mikono ilihitaji kazi, na Rutagengwa akainama akaokota chache, akazitia beseni bila kumtazama.

Walitembea wakishika upande wa barabara. Walipopita kona, Phocas akamgeukia mkewe.

"Umemufundisha kunikana."

"Nilimufundisha kunyamaza."

"Mi nilikaa pale chini. Mutoto wangu ananiangalia, anasema hanijue."

Vestine alitua beseni katikati ya njia. Alimvuta Iriza akamgeuza amtazame.

"Baba yako ni nani?"

Iriza akasita. Macho yake yakaenda kulia na kushoto, kutafuta mtego.

"Hakuna muwa leo, hakuna kufinya. Baba yako ni nani?"

"Phocas," mtoto alinong'ona.

"Sauti."

"Phocas!"

"Wasikie mpaka ziwani."

"Phocas! Baba yangu ni Phocas!"

Mwanamke aliyekuwa anauza ndizi aligeuka. Mlango mmoja ukafungwa. "Inatosha," Phocas alisema, "watu wanaangalia," lakini uso wake ulikuwa umeanza kufunguka, na Iriza, ambaye hajawahi kuruhusiwa kupiga kelele barabarani maisha yake yote, alikwenda mbele yao akiruka, analiita jina la baba yake kwa kila mti na kila nguzo.

Pikapu ikaja nyuma yao. Iriza akanyamaza mwenyewe, bila kuambiwa. Wakajibana ukingoni, Vestine akilivuta beseni. Watu walioketi nyuma yake walikuwa wameinamisha vichwa. Vestine hakutaka kuwatazama asije akamjua mmoja, kisha akawatazama. Yule askari mwenye cheko alikuwa amekaa juu ya ubavu wa gari, bunduki mapajani. Alipomwona Iriza, aliinua mkono.

"We, Mashine!"

Iriza alimtazama mama yake, ajue kama anaruhusiwa kujibu. Vestine hakujua. Gari lilikuwa linapita. Aliushika mkono wa mtoto, akauinua, akaupunga yeye mwenyewe, mpaka vumbi likatulia na sauti ya injini ikaishia upande wa kambini.

"Twende," Phocas alisema, na akajitwika beseni la sambaza kichwani, jambo ambalo mwanamume wa ufukweni hafanyi.